Nyaya Zilizofichwa Ndani ya Kioo cha Televisheni

Aghalabu wenye kusimulia habari za vioo vya fuwele za kimiminika huanza na Friedrich Reinitzer, mwanachuoni wa mimea aliyeiona hali hiyo ya ajabu mjini Prague mwaka 1888, kisha wakaruka hadi tarehe 28 Mei 1968, siku ambayo kampuni ya RCA iliwaita waandishi wa habari mjini New York kuwaonyesha vioo vyake, na papo hapo wakaweka kalamu chini. Ilhali, kwa rai yangu, kimiminika kilikwisha kuutii umeme zamani, na kadhia iliyowakosesha wahandisi usingizi kwa miaka ishirini mingine ilikuwa ni ya nyaya.

Kimiminika hicho hutiwa baina ya vigae viwili vya kioo vilivyoachana kwa mikroni chache tu, navyo hupakwa kwa ndani utando wa oksidi ya indiamu na bati, wenye sifa adimu ya kupitisha umeme na mwanga pamoja. Utando huo huliwa kwa asidi hata likabaki umbo linalotakiwa, na umbo hilo ndilo elektrodi. Kwa kikokotoo hapakuwa na mashaka: tarakimu moja ni vijiti saba, tarakimu nane ni vijiti 56, na kila kijiti chaweza kupewa njia yake hadi ukingoni.

Ama picha, hiyo ni habari nyingine. Picha ya nukta 120 kwa 120 ina nukta 14,400, wala hapana ukingo utakaozibeba nyaya za idadi hiyo. Ndipo ikatumiwa hila ya kutandika mistari ya kulala katika kigae kimoja na ya kusimama katika cha pili, mfano wa mtande na mshindio, kila makutano yakawa nukta, na mistari 240 ikatosha. Lakini nukta isiyoitwa nayo hudokoa umeme wa jirani zake. Na mwaka 1974 Alt na Pleshko wa IBM walithibitisha kwa hesabu kwamba, mistari ikifika 100, volti za nukta iliyowashwa huzizidi za iliyozimwa kwa asilimia 11 hivi tu.

Dawa ilikwisha kutajwa mwaka 1971 na Bernard Lechner na wenziwe wa RCA: kila makutano yawekewe swichi yake. Aliyeitenda ni Peter Brody, mzaliwa wa Budapest, ambaye mwaka 1973, akiwa katika kampuni ya Westinghouse huko Pittsburgh, alitangaza kioo cha inchi sita kwa sita chenye transista katika kila nukta. Mistari ya aina zote mbili sasa ikahamia kigae kimoja: wa kulala hufungua malango ya transista, wa kusimama huleta umeme, na kapasita huuhifadhi mpaka zamu irudi. Panapopishana mistari hiyo hutenganishwa na utando mwembamba mno, na chembe moja ya vumbi ikiutoboa, mstari mzima hufa, ukakata picha kutoka ukingo hadi ukingo.

Brody alitumia kadmiamu selenaidi, kitu kigumu kukitawala. Mwaka 1979 LeComber, Spear na Ghaith wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, wakaonyesha kuwa transista za silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele, ambayo hupakwa juu ya kioo cha kawaida bila ya moto mkali, zaweza kuifanya kazi hiyo. Kwa transista za namna hiyo, mwaka 1988 Sharp ikatoa kioo cha rangi cha inchi 14.

Ikasalia adha ya mtazamaji wa pembeni, aonaye rangi zimegeuka. Katika vioo ambavyo Hitachi ilivileta sokoni mwaka 1996, elektrodi zote mbili za kila nukta ziliwekwa kigae kimoja kwa kupokezana, ili molekuli zigeuke zikiwa zimelala badala ya kusimama. Rangi zikatulia, ila elektrodi hizo za chuma zilizuia sehemu ya mwanga, na taa ya nyuma ikabidi iongezwe nguvu.