Kionjo cha Msafiri

Msafiri anayeshuka basi alfajiri, Tanga au Mombasa, hukutana na majina kabla ya kukutana na chakula. "Kuna chapati, vitumbua, mbaazi, chai ya rangi." Sisi wapenzi wa lugha tuna deni kwa majina hayo. Mengi yanaeleza kazi ya mpishi kwa neno moja au mawili, na mengine yanaanza kufifia kwa sababu tu tunadhani mgeni hatayaelewa.

Tuanze na mlo wenyewe. Wapo wanaokishuku "kifungua kinywa" kuwa ni tafsiri ya Kiingereza. Mimi nakitetea. Mtoto wa kwanza ni kifungua mimba, wa mwisho ni kitinda mimba. Kwetu kinachofungua ndicho kinachotangulia. Isitoshe, katika "kinywa" sikio linasikia kunywa, na kweli mlo huu huanzia kikombeni. Ndiyo maana watu huulizana, "Umekunywa chai?" hata kama sahani ilikuwa na chapati tatu.

Kenya wengi husema "kiamshakinywa". Tofauti ni tamu: kwa mmoja kinywa kilikuwa kimefungwa, kwa mwingine kilikuwa kimelala. Sioni haja ya kumfukuza yeyote kati ya mapacha hawa.

"Staftahi" imetoka Kiarabu, katika mzizi uleule wa kufungua uliotupa Al-Fatiha, sura inayoifungua Kurani. Kwa hiyo staftahi na kifungua kinywa zinasema jambo moja kwa ndimi mbili. Tusiichanganye na "futari", ambayo mzizi wake ni mwingine, wa kuvunja saumu. Waarabu huita chakula cha asubuhi kwa jina la mzizi huo. Sisi tumeiweka futari magharibi, mwezi wa Ramadhani, na imetulia hapo.

Neno ninalolililia ni "kisebeho". Ni la pwani ya kaskazini, na ndani yake mna asubuhi ya Kiarabu, ileile iliyomo katika "sabalkheri". Wazee wanalo bado, vijana wanaliacha. Napendekeza tulirudishe kwa kazi maalumu: mlo wa asubuhi wa kienyeji, kama mbaazi za nazi na mahamri. Nyumba ya wageni inayoandika "kisebeho" ukutani itakuwa imemwambia msafiri kwamba hapa hatakula mkate wa boflo na jemu.

Na "hamri" je? Ni ndugu wa hamira: unga ulioachwa ukaumuka. "Andazi" limetokana na kuandaa, kwa hiyo jina lake ni pana, kitu kilichotengenezwa tu. Bara mara nyingi huyaita yote maandazi. Tulilinde hamri kwa lile la tui na iliki, linalovimba ndani ya mafuta mpaka linabaki na uwazi katikati. Anayeagiza andazi na anayeagiza hamri hawaagizi kitu kimoja.

Majina ninayoyahusudu zaidi ni yenye kitenzi ndani yake. Chapati ilikuja na jina lake kutoka Bara Hindi, Kiswahili kikaipa mikono: chapati ya kusukuma, ambayo donge lake husukumwa kwa kifimbo mpaka liwe duara, na chapati ya maji, ambayo uji wake humwagwa kwenye kikaango. Mkate wa kumimina nao umejieleza: unga wa mchele na tui, umeumuka, unamiminwa. Mgeni akiambiwa "keki ya mchele" amepewa umbo la jumla. Akiambiwa "wa kumimina" amekwishamwona mpishi akiinamisha bakuli.

Hata chai ina majina yanayojieleza. Isiyo na maziwa ni "ya rangi", lakini Mombasa utasikia "mkandaa", jina la mti wa jamii ya mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu ya kahawia. Mtu alitazama kikombe akaiona rangi ya gome. Istilahi nzuri huzaliwa hivyo.

"Kaimati" ni tonge dogo kwa asili yake ya Kiarabu, na Oman bado wanaita hivyo kwa matamshi yao. Yule anayetoka Maskati akifika Unguja hahitaji mkalimani mbele ya sinia la kaimati.

Sasa majeruhi wawili. Wa kwanza ni "urojo" wa Unguja, unaoitwa "miksi" ili mgeni asiogope. Urojo ni uzito wa kimiminika, ni ndugu wa rojorojo. Jina linaeleza mchuzi ule wa manjano, mchachu, unaofunika bajia, kachori na viazi. Miksi haielezi chochote. Wa pili ni chakula kinachouzwa Forodhani, hukohuko Unguja, kwa jina la "piza ya Zanzibar". Ni unga mwembamba uliokunjwa juu ya nyama na yai. Mombasa kitu cha namna hiyo huitwa "mkate mayai". Jina lipo, tulitumie.

Linabaki fungu la vitu vidogo. "Vitafunwa" ni vinavyotafunwa. "Vitafunio" vina kiishio cha o kama kitoweo, na kama kitoweo husindikiza ugali, basi kitafunio na kisindikize chai. "Asusa" iwe ya anayekula akiwa njiani bila kikao: kashata, karanga, muhogo wa kukaanga kwenye gulio. Gulio lenyewe lina "gula", kununua, katika lugha kadhaa za Kibantu.

Na shughuli yenyewe ya kuzunguka ukila kidogo hapa na kidogo pale tuiite "matembezi ya vionjo". Kuonja tunako, kionjo tunacho. Hakuna cha kukopa.

Basi ndugu mlinzi wa lugha, ukiombwa kuandika orodha ya vyakula vya wageni, tanguliza jina linalotamkwa na muuzaji, kisha ndipo ueleze. Msafiri amekuja kuonja. Jina nalo ni sehemu ya chakula, na limeiva tayari.