Maji ya Rufiji Yanatoka Mbali

Nilipokuwa nafundisha jiografia Kibiti, niliwauliza watoto wa delta mto Rufiji unaanzia wapi. Wengi walijibu Utete, maana huko ndiko safari za mitumbwi ya wazee wao zilikoishia. Nikawachorea ubaoni. Kilombero na Luwegu hukutana kwenye maporomoko ya Shuguli, na kuanzia hapo mto ndipo huitwa Rufiji. Kabla ya korongo la Stiegler huingia Ruaha Mkuu. Kwenye ramani utadhani Ruaha ndio mlishaji mkubwa, kwani umeshika karibu nusu ya bonde zima. Lakini maji yake ni asilimia 15 tu hivi. Kilombero, wenye eneo dogo lakini mvua nyingi, huleta kama asilimia 62. Ruaha wenyewe, tangu miaka ya 1990, hukatika kiangazi kule katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Warufiji na Wandengereko waliyasoma maji hayo kwa jembe. Mpunga uliota kwa mvua, mafuriko yakaja, nao ukarefuka kadiri maji yanavyopanda. Maji yakishuka, tope lilipandwa mahindi na kunde. Hicho ndicho kilimo cha mlau. Mpunga ukikaribia kukomaa, familia nzima ilihamia dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Mtoto alikaa juu na kombeo akifukuza ndege, mama akipika humo humo, mtumbwi umefungwa kwenye ngazi. Kwa watu hao mafuriko ya kadiri yalikuwa mbolea, na mwaka usio na mafuriko ndio uliokuwa wa njaa.

Mto huu ulibeba pia imani na vita. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Miaka michache baadaye manowari yao, Königsberg, ilijificha kwenye mikoko ya delta hadi ilipoangamia Julai 1915. Mikoko hiyo hiyo ilikuwa imeshatoa boriti za kuezekea nyumba za Uarabuni, zikisafirishwa kwa majahazi.

Mabadiliko makubwa yalianza baada ya mafuriko ya 1968. Serikali iliwahamishia watu miinukoni, katika vijiji vya Ujamaa, na mashamba ya bondeni yakabaki mbali na nyumba. Kisha mto wenyewe ukahama: katika miaka ya 1970 maji mengi yalielekea matawi ya kaskazini mwa delta, na wakulima wakayafuata, wakikata mikoko wapande mpunga. Huko juu yakajengwa mabwawa: Kidatu, Mtera, na mwisho Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022.

Umeme huo nauhitaji kama kila Mtanzania. Ila mlau hautaki maji mengi wala machache. Unataka yaje kwa wakati wake, na masika ya 2024 Mohoro ilizama. Ninawaomba wanaosimamia bwawa: ratiba ya kufungulia maji iwafikie wakulima wa Mohoro, Salale na Mbwera kabla hawajaatika mpunga, na wao waulizwe kwanza.