Nishani zisizoandikwa katika kumbukumbu za jeshi la Marekani
Mwanajeshi wa zamani wa Marekani ambaye nishani yake haikuandikwa katika hati ya kuondoka jeshini, DD 214, ana haki ya kuomba irekebishwe. Bodi ya marekebisho ya kumbukumbu hupokea ombi kwa fomu DD 149, ndani ya miaka 3 tangu kosa ligunduliwe, ingawa inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Wajibu wa kuthibitisha ni wa mwombaji. Hapo ndipo penye ugumu: moto wa Julai 12, 1973, mjini St. Louis uliteketeza majalada yapatayo milioni 16 hadi 18. Kwa waliopoteza majalada, amri na barua zilizotunzwa nyumbani huweza kuwa ushahidi muhimu.