Mstari Waliojichorea Wenye Meli

Katika miaka ya 1870, baharia wa Uingereza aliyekwisha kutia saini mkataba, kisha akakataa kupanda meli aliyoiona imejazwa kupita kiasi, aliweza kufungwa jela. Mwenye meli alikuwa na bima. Chombo kikizama, alilipwa. Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby, alidai meli ichorwe ubavuni alama ambayo maji hayatakiwi kuipita. Tarehe 22 Julai 1875 Waziri Mkuu Disraeli alipotangaza kuuweka kando muswada wa serikali, Plimsoll alifoka Bungeni na kuwaita wapinzani wake waovu. Umma ulimuunga mkono, na sheria ikapita mwaka 1876: kila meli iwe na mstari. Ila mahali pa kuuchora wakaachiwa wenye meli wenyewe! Serikali haikulitwaa jukumu hilo hadi sheria ya 1890, na kwa miaka 14 mabaharia walisafiri chini ya ulinzi wa rangi tu.

Watetezi wa maridhiano watasema kwamba bila ridhaa ya wenye meli hakuna sheria inayopita. Wana ushahidi. Waziri Joseph Chamberlain alipojaribu kuwabana mwaka 1884, walimpinga hadi muswada ukaondolewa. Lloyd George, akiongoza Bodi ya Biashara, wizara iliyosimamia meli, alizungumza nao kwanza, na sheria yake ya 1906 ikapita. Aliwasikiliza katika lalamiko lao la haki, kwamba meli za kigeni zilishindana nao bila kubanwa na mstari; sheria ikazibana nazo katika bandari za Uingereza. Baharia akapata mpishi mwenye cheti, na nafasi yake ya kulala ikapanda kutoka futi za ujazo 72 hadi 120. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini mwaka huohuo vipimo vya mstari vililegezwa, meli zikaruhusiwa kuzama zaidi majini zikiwa na shehena. Chakula na malazi vinaweza kujadiliwa na mwajiri. Kina cha meli hakipaswi kupangwa na anayelipwa kwa tani.

Somo hilo linatuhusu nasi: meli ya abiria MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011 ikiwa na abiria wengi kuliko kibali chake. Wabunge wetu wakae na wenye meli, wawasikilize kuhusu kodi, ada na ushindani, lakini idadi ya abiria na uzito wa shehena viamuliwe na wakaguzi.