Linux, Vifaa vya Mtandao na Istilahi za Kiswahili: Historia Fupi kutoka Dar es Salaam hadi Bunia

1.0 Utangulizi

Historia ya kompyuta katika Afrika Mashariki na Kongo imezoeleka kuandikwa kama historia ya mashine: ziliingia lini, nani alizileta, na ziligharimu kiasi gani. Makala haya yanaitazama kwa upande wa fundi, ambaye mashine imekwisha kufika mezani pake lakini haitaki kuwasiliana na nyingine. Mfano unaochunguzwa ni mfumo endeshi wa Linux. Swali kuu ni hili: kwa nini Kiswahili, kilichopata programu zake za ofisini tangu mwaka 2004, hakijapata lugha iliyotulia ya kutengenezea mtandao? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kazi ya istilahi iliishia kwenye uso wa kioo, ilhali tatizo la mtumiaji mara nyingi liko chini yake.

2.0 Mtandao kabla ya Linux

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na masharti hayo yalilegezwa polepole katika miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa kwa mradi ulioitwa ESANET. Mradi huo ulitumia utaratibu wa FidoNet, uliobuniwa na Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984.

Katika utaratibu huo hapakuwa na mawasiliano ya papo kwa papo. Barua zilirundikwa katika kompyuta moja, kisha modemu ikapiga simu kwa saa maalumu na kuzipeleka zote kwa pamoja hadi kwenye mashine nyingine, ambayo nayo ilizisukuma mbele. Njia hiyo ilizifaa simu duni za wakati ule, kwa kuwa haikudai laini iwe wazi mchana kutwa. Lakini ilihitaji watu walioielewa modemu kwa undani. Tangu mwanzo, basi, mtandao wa eneo hili ulitegemea ujuzi wa fundi kuliko ubora wa mashine.

3.0 Linux na tatizo la kiendeshi

Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatunga mfumo endeshi ambao yeyote angeweza kuusoma na kuurekebisha. Toleo la 1.0 la kiini chake lilitoka Machi 1994. Torvalds ni Mfini ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswidi. Hata hivyo ujumbe wa kiini uliandikwa kwa Kiingereza, na ndivyo ulivyo hadi leo.

Uwezo wa mtandao haukuwamo mwanzoni. Ross Biro aliandika msingi wake wa kwanza mwaka 1992, Fred van Kempen akauendeleza, na Alan Cox, aliyekuwa Swansea huko Wales, akauimarisha. Donald Becker, aliyefanya kazi katika kituo cha Goddard cha NASA nchini Marekani, aliandika viendeshi vya kadi nyingi za Etheneti.

Kiendeshi ni programu inayokiwezesha kiini kukiamrisha kifaa. Kadi ya mtandao hubeba namba zinazomtaja mtengenezaji na aina ya kifaa. Kiini husoma namba hizo na kutafuta kiendeshi kinachozitambua. Kisipokipata, kadi hubaki kipande cha bati na shaba, ingawa ni nzima.

Hapo ndipo ugumu ulipozuka, kwa sababu watengenezaji wengi waliandika viendeshi vya Windows tu na kuficha maelezo ya vifaa vyao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilienea modemu za bei nafuu zilizoachia sehemu kubwa ya kazi yao programu za Windows. Katika Linux nyingi kati ya hizo zilikuwa bubu. Baadaye zikaja kadi zisizotumia waya. Kwa zile za Broadcom, wanaprogramu wa kujitolea walilazimika kuchunguza mwenendo wa kifaa ili kukisia kinavyofanya kazi, na kampuni hiyo ilitoa kiendeshi kilicho wazi mwaka 2010. Nazo modemu nyingi za USB, kama zile za Huawei, zilipochomekwa zilijitambulisha kwanza kama diski yenye programu za Windows, hata ikabidi itungwe programu ndogo ya kuziamuru zigeuke modemu.

Ugumu mwingine ulikuwa wa aina yake. Kadi nyingi zisizotumia waya huhitaji, pamoja na kiendeshi, programu ya ndani inayopakiwa kwenye kifaa chenyewe. Kwa sababu za leseni, programu hiyo mara nyingi haikuwekwa katika diski ya Linux, bali ilipaswa kuchukuliwa kwenye intaneti. Hivyo mwenye kuutafuta mtandao alidaiwa kwanza awe nao. Mahali penye laini ya uhakika hilo lilikuwa usumbufu wa dakika chache. Katika Afrika Mashariki, ambayo hadi nyaya za baharini kama SEACOM zilipofika mwaka 2009 ilitegemea setilaiti, lilikuwa jambo la gharama na safari.

4.0 Mradi wa Kilinux

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, kilianzisha mradi wa Kilinux. Desemba mwaka huo ilitolewa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, lililofadhiliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2011 diski zake zilitumwa bure kwa posta kwa walioziomba. Mwanaisimu atatambua kwamba jina hilo lina shina moja na neno la Kiswahili utu.

Mafanikio ya Kilinux yasipuuzwe. Mradi ulionyesha kwamba lugha yenye wasemaji wengi lakini soko dogo haina haja ya kungoja hisani ya kampuni, kwa kuwa programu iliyo wazi hutafsiriwa na wenye lugha wenyewe. Lakini kazi hiyo ya kwanza ilimhudumia mwandishi wa barua. Fundi aliyefungua mashine ili aone kwa nini kadi haionekani alikutana na Kiingereza kile kile cha awali.

5.0 Bunia: sentensi moja, hitilafu tano

Mradi huo ulipoanza, Bunia ilikuwa ndiyo kwanza inajinasua katika vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003. Juni 2003 kikosi cha Umoja wa Ulaya, kikiongozwa na Ufaransa, kilikuwa kimetumwa kuulinda mji. Si ajabu kwamba istilahi zilizoundwa Dar es Salaam hazikubeba sauti ya Ituri.

Katika mtaa kama Mudzipela, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha majirani wa lugha mbalimbali, lakini shule na ofisi huendeshwa kwa Kifaransa. Kompyuta ikishindwa kuunganishwa, msemaji wa huko husema: "Rezo haiko." Neno rezo, lililotoka katika Kifaransa, hubeba maana ya mtandao wa simu na ule wa kompyuta pia. Wa Dar es Salaam atasema "Mtandao haupo." Kauli zote mbili zinaeleweka, na zote mbili hazimsaidii fundi, kwa maana zinafunika hitilafu tano tofauti: kiini hakikioni kifaa, kifaa kinaonekana lakini hakina kiendeshi, kiendeshi kipo lakini programu ya ndani ya kifaa imekosekana, kifaa kinafanya kazi lakini mashine haijapewa anwani, au anwani ipo, ila majina ya tovuti hayageuzwi kuwa anwani. Kila hitilafu ina dawa yake, na asiyeweza kuzitofautisha kwa maneno atabadilisha kadi nzima isiyo na kosa.

Tatizo la pili ni njia panda ya mikopo. Msomi wa Tanzania hulifikia jambo kupitia Kiingereza, wa Kongo kupitia Kifaransa. Aidha, kiendeshi hutumiwa kwa programu iliyoelezwa hapo juu na pia kwa kifaa kinachozungusha diski, hivyo agizo la kubadilisha kiendeshi laweza kumfanya mwanafunzi ashike bisibisi. Kifaransa huiita programu hiyo kwa jina la rubani. Rubani wa Kiswahili, kabla ya kuwa mtu wa ndege, alikuwa mjuzi wa maji aliyeongoza chombo kuingia bandarini. Maana hiyo inalingana vizuri na kazi ya programu yenyewe, na neno halichanganyiki na diski. Hapa msemaji wa Bunia, kwa njia ya Kifaransa, analirudishia Kiswahili neno la pwani ya Kiswahili.

6.0 Hitimisho

Yaweza kudaiwa kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Tangu mwaka 2008 simu za Android zimetumia kiini cha Linux, na simu ya namna hiyo ikiunganishwa kwa waya wa USB huweza kuipatia kompyuta intaneti hata kama kadi yake haina kiendeshi. Hiyo ni njia nzuri ya kujitoa katika deni lililotajwa. Lakini ndani ya simu tatizo limetatuliwa na mtengenezaji, wala mtumiaji haonyeshwi lilivyotatuliwa. Siku simu itakapokosa huduma, "rezo haiko" itarudi ikiwa na maana zile zile zilizofichika.

Ujumbe wa kiini huenda usitafsiriwe kamwe, na si lazima utafsiriwe. Kinachohitajika ni miongozo mifupi ya Kiswahili inayozitaja zile hitilafu tano kwa majina matano, na majina hayo yakusanywe kwa mafundi wa Bunia na Kampala kama yanavyokusanywa Dar es Salaam. TATAKI na BAKITA zina uzoefu wa kusanifisha, na vyuo vya Kongo vina wasemaji wanaolijua pengo lenyewe. Ushirikiano huo ukikosekana, Ituri itaendelea kutumia mashine kwa Kiswahili na kuzitengeneza kwa lugha za wengine.