Mama Barbro wa Kashasha

Ulimwengu ulio mbali na ziwa letu, kila ulitajapo jina la Kashasha, aghalabu hukumbuka jambo moja tu, nalo ni kicheko kilichowashika wasichana wa shule ya bweni ya misheni tarehe 30 Januari 1962, kikawapata 95 miongoni mwa wanafunzi 159, kikaifanya shule ifungwe mwezi wa Machi, kisha kikasafiri na wasichana waliorudi makwao mpaka Nshamba na vijiji vingine, hata matabibu wakaandika juu yake katika majarida yao. Habari hiyo ni kweli, na wale watoto walitaabika. Lakini si insafu kwamba mahali alipofundisha Barbro Johansson, ambaye watu walimwita Mama Barbro, pakumbukwe kwa maradhi ya miezi michache na pasahauliwe kwa elimu ya miaka mingi.

Kuujua uzito wa kazi yake yapasa kwanza kuijua nchi aliyoijia, nchi ya Wahaya ilipo Kashasha. Katika Buhaya, tangu zama za wafalme waliokuwa wakiitwa Bakama, heshima ya mtu ilisimama juu ya vitu viwili visivyotengana: kibanja cha migomba kilichoizunguka nyumba, na ng'ombe waliolishwa katika rweya, ile mbuga ya majani iliyo nje ya vijiji, kwa sababu samadi ya ng'ombe ndiyo iliyoirutubisha migomba, na mwenye kukosa ng'ombe alikiona kibanja chake kikidhoofika mwaka hata mwaka. Kazi ya kuitunza neema hiyo ilikuwa ya wote, ila sehemu ya mwanamke ilikuwa nzito mno, kwani palizi, maji, kuni na chakula vilikuwa juu yake, na juu ya hayo alikwenda na jembe lake katika ardhi hafifu ya rweya kupanda njugu mawe. Buni ilipoanza kuleta fedha, wazazi wengi walizitoa fedha hizo kwa hiari kulipa karo, na hilo ni sifa ya Wahaya isiyokanushika. Lakini karo ya mtoto wa kiume ilitangulia, na binti akaachiwa jembe.

Misheni ya Bethel kutoka Ujerumani ilifika Bukoba mwaka 1910. Vita Kuu ya Pili ilipowaondoa Wajerumani, Waswidi walikuja kuwasaidia Walutheri wa Buhaya, miongoni mwao Bengt Sundkler, ambaye baadaye alikuwa askofu kabla ya Josiah Kibira. Ni kwa mlango huo kwamba Barbro Johansson, aliyezaliwa Uswidi mwaka 1912, aliingia Bukoba mwaka 1946, akaushika ualimu na kisha uongozi wa shule ya wasichana ya Kashasha. Shule ya bweni, kwa binti wa wakati ule, ilikuwa zaidi ya madarasa na vitabu. Ilikuwa ruhusa ya kukaa mbali na mtungi na kuni kwa muda wa kutosha akili yake ipate kukomaa, na mzazi aliyeitoa ruhusa hiyo alikuwa amejinyima mikono miwili ya kazi. Kwa hiyo imani ya wazazi kwa mwalimu ndiyo iliyokuwa msingi wa shule, na imani hiyo hainunuliwi.

Huenda angalimaliza umri wake hapo, lau siasa isingalimwita. Mkutano wa chama cha TANU uliofanyika Tabora mwezi wa Januari 1958 ulikubali, baada ya mabishano makali, kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimishwa kuwachagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu pamoja. Na chama kikawatafuta Wazungu na Waasia wenye kuiamini haki ya wenye nchi. Mama Barbro aliungwa mkono na TANU, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959 kwa kiti cha Mwanza, katika nchi ya wafugaji wa Usukuma ambako chama chenyewe kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1954 mpaka 1958. Pamoja naye walichaguliwa wanawake wawili wengine, Lady Chesham na Sophia Mustafa. Mmisionari kutoka katika jengo la shule na kusimama upande wa wanaodai uhuru halikuwa jambo jepesi siku zile, na kwa rai yangu hilo ni tendo la kishujaa kuliko yote aliyoyafanya.

Baada ya uhuru alichukua uraia wa nchi hii. Mwaka 1964 alikabidhiwa Shule ya Wasichana ya Tabora, akaiongoza mpaka 1970, kisha akatumwa katika ubalozi wetu Stockholm. Na aliporejea aliitumikia elimu ya watu wazima, wakati ambapo vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyofuata mfano wa vyuo vya Skandinavia, vilikuwa vikianzishwa kuanzia 1975 kwa ajili ya watu wa vijijini.

Alifariki mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki Mwalimu Nyerere. Profesa Anna Tibaijuka, binti wa Muleba aliyepata kuliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, aliongoza juhudi za kuanzisha shule ya sekondari ya wasichana yenye jina la Barbro Johansson, nayo ilifunguliwa Luguruni, Dar es Salaam, mwaka 2000. Ni taadhima iliyostahiki. Hata hivyo Luguruni si Kashasha, na wanawake waliofundishwa Kashasha katika miaka ya hamsini sasa ni mabibi wenye wajukuu na vitukuu. Nawasihi watoto wao, popote walipo, Bukoba, Muleba au ughaibuni, wakae nao, wawaulize habari za shule hiyo na za mwalimu wao, na wayaandike watakayoyasikia wakati wenyewe wangali hai.