Takwimu za Amazon na Hasira za Ikulu

Kazi ya kupima kila mwaka ni kiasi gani cha msitu wa Amazon kimefyekwa nchini Brazil iko mikononi mwa taasisi ya serikali yenyewe. Taasisi hiyo ni INPE, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Anga za Juu, yenye makao yake mjini São José dos Campos, jimbo la São Paulo. Mfululizo wa takwimu zake, ulioanza mwaka 1988, hutumiwa na wanasayansi wa tabianchi duniani kote. Serikali za Brazil, za kulia na za kushoto, zimekerwa nao kwa zamu. Nyingi ziliishia kulalamika. Moja ilimfukuza mkurugenzi.

INPE ilizaliwa mwaka 1961 ikiwa kamati ndogo ya masuala ya anga, kisha ikakulia chini ya utawala wa kijeshi ulioshika nchi kuanzia 1964 hadi 1985. Majenerali hawakuwa na haja ya kuulinda msitu. Mwaka 1970 serikali ya Jenerali Médici ilitangaza ujenzi wa barabara kuu ya Transamazônica, ikiahidi ardhi kwa wakulima masikini wa kaskazini mashariki waliochoshwa na ukame, huku kampuni za ufugaji wa ng'ombe zikipewa nafuu za kodi ili zifyeke na kupanda majani ya malisho. Kulisimamia eneo kubwa namna hiyo kulihitaji kuonekana kutoka juu. Marekani iliporusha setilaiti ya kwanza ya Landsat mwaka 1972, Brazil ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kujenga kituo cha kupokea picha zake, mjini Cuiabá. Picha za mwaka 1975 zilipolinganishwa na za 1978, tathmini ya kwanza ya ufyekaji ikapatikana. Chombo kilichowekwa ili kuusimamia ufunguzi wa msitu ndicho kilichokuja kuonyesha unavyotoweka.

Miaka hiyohiyo ya 1970 ilileta ugunduzi mwingine, huu ukitoka ardhini. Mwanasayansi Eneas Salati alichunguza isotopu zilizomo katika maji ya mvua ya Amazon, akaonyesha kwamba karibu nusu ya mvua hiyo hutokana na maji ambayo msitu wenyewe umeyarudisha hewani. Awali ilidhaniwa kwamba msitu upo kwa sababu ya mvua. Salati alionyesha kuwa mvua nayo, kwa sehemu kubwa, ipo kwa sababu ya msitu. Tangu hapo kufyeka miti katika majimbo ya Rondônia au Mato Grosso kukawa jambo linalogusa mashamba na mabwawa ya umeme yaliyo mbali kusini, na swali la kimsitu likageuka swali la kisiasa.

Mwaka 1979 Thomas Lovejoy, mtaalamu wa biolojia kutoka Marekani, alianzisha na wenzake wa Brazil jaribio kaskazini mwa mji wa Manaus ambalo bado linaendelea. Sheria iliwataka wafugaji wabakize nusu ya msitu kwenye ardhi yao. Lovejoy aliomba msitu huo ubakizwe katika vipande vya ukubwa maalumu: hekta 1, hekta 10 na hekta 100. Watafiti walihesabu ndege, nyani, vipepeo na miti kabla ya kufyeka, kisha wakahesabu tena mwaka hadi mwaka. Vipande vidogo vilipoteza spishi haraka, na miti mikubwa iliyo karibu na kingo ilikufa kwa upepo na ukavu. Utafiti wa aina hii una udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba unahitaji miongo mingi ya utulivu katika nchi ambayo sera ya ardhi hubadilika kwa kila uchaguzi. Barabara ya kwenda Venezuela ilipowekwa lami, wawindaji na wavamizi wa ardhi walisogea. Mwaka 2007 wanaikolojia William Laurance na Regina Luizão walilazimika kuandika katika jarida la Nature kuonya kwamba mpango wa mamlaka ya ukanda huru wa biashara wa Manaus wa kupeleka walowezi jirani na eneo hilo ungeweza kulivuruga jaribio zima.

Mvutano wa takwimu ulianza rasmi mwishoni mwa miaka ya 1980. Tarehe 22 Desemba 1988 Chico Mendes, kiongozi wa wagema mpira, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Xapuri, jimbo la Acre, na macho ya dunia yakaelekea Amazon. Wakati huohuo ripoti ya Benki ya Dunia ilikadiria kuwa asilimia 12 ya Amazon ya Brazil ilikwisha kufyekwa. Serikali ya Rais José Sarney ilijibu kwa hesabu ya haraka ya INPE iliyosema asilimia 5 tu. Philip Fearnside, mtafiti wa INPA, taasisi ya utafiti wa Amazon iliyopo Manaus, alionyesha kuwa hesabu ya serikali iliyaacha nje maeneo yaliyofyekwa zamani katika majimbo ya Pará na Maranhão. Ukweli ulikuwa katikati. Safari ile INPE haikuwa mhanga wa siasa, ilikuwa chombo chake.

Kutokana na fedheha hiyo ulikua mradi wa PRODES, unaotoa kipimo cha ufyekaji cha kila mwaka. Katika miaka ya mwanzo mafundi waliweka karatasi ang'avu juu ya picha zilizochapwa kwa vipimo vya 1:250,000, wakafuata kwa kalamu kingo za kila shamba jipya. Kwa vipimo hivyo milimita moja ya mraba kwenye karatasi ni hekta 6.25 ardhini, na hilo ndilo likawa eneo dogo kabisa la kuhesabiwa. Kazi siku hizi hufanywa kwa kompyuta, lakini kiwango hicho kimebakizwa ili namba za zamani na za leo zilinganishike. Mwaka wa PRODES huanza Agosti 1 na kuishia Julai 31, kwa kuwa kiangazi ndicho kinachoruhusu setilaiti kuona bila mawingu. Kinachohesabiwa ni msitu wa asili uliofyekwa kabisa. Ule uliochomwa kidogo au uliochaguliwa mbao tu haumo. Kwa hiyo wanaodai kwamba PRODES hutia chumvi wamelishika jambo kinyume, maana mbinu yake huwa inaacha nje zaidi ya inavyozidisha.

Kilele cha ufyekaji kilifikiwa mwaka 1995, kilomita za mraba 29,059, eneo kubwa kuliko nchi nzima ya Burundi. Namba ilipotoka, mwaka uliofuata, serikali ya Fernando Henrique Cardoso ilipandisha kutoka asilimia 50 hadi 80 sehemu ya msitu ambayo mwenye shamba ndani ya Amazon hana ruhusa kuifyeka.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja kimyakimya. Kuanzia mwaka 2003, Marina Silva, binti wa wagema mpira wa Acre, akiwa waziri wa mazingira wa Rais Luiz Inácio Lula da Silva, INPE ilianza kuweka mtandaoni ramani zenyewe badala ya jumla tu. Mtu yeyote aliweza kuchukua picha, kutazama alama iliyochorwa, na kwenda kuthibitisha. Gilberto Câmara, aliyeiongoza INPE kuanzia 2005 hadi 2012, aliutetea uwazi huo kwa bidii. Mwaka 2004 ulizaliwa mfumo wa pili, DETER, unaotoa tahadhari za haraka kwa askari wa misitu wa IBAMA, wakala wa serikali wa mazingira. Si sahihi kama PRODES, na mawingu huuficha ufyekaji wa mwezi mmoja ukajitokeza mwezi mwingine, lakini gari la doria linaweza kufika kabla moto haujazimika. Pamoja na hifadhi mpya na operesheni za polisi, ufyekaji ulishuka kutoka kilomita za mraba 27,772 mwaka 2004 hadi 4,571 mwaka 2012. Programu ya TerraAmazon iliyotengenezwa INPE ilipelekwa nchi nyingine za tropiki kwa msaada wa FAO, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwamo.

Kadiri takwimu zilivyopata meno ndivyo zilivyopata maadui. Mwishoni mwa 2007 DETER ilionyesha ufyekaji ukipanda tena. Januari 2008 serikali ilitangaza orodha ya wilaya 36 zilizoongoza kwa ufyekaji, na mwezi uliofuata mamlaka za fedha zikaamua kuwa mikopo ya kilimo katika Amazon isitolewe kwa asiyetii sheria za mazingira. Sasa alama kwenye ramani ilimgusa mkulima mfukoni. Blairo Maggi, gavana wa Mato Grosso ambaye pia alikuwa mmoja wa wakulima wakubwa wa soya duniani, alidai hadharani kwamba INPE imekosea. Taasisi ilisimama na hesabu yake. Marina Silva alijiuzulu Mei 2008. Miaka sita baadaye, chini ya Dilma Rousseff, mbinu ilikuwa ya upole zaidi: takwimu za DETER za Agosti na Septemba 2014, zilizoonyesha ongezeko, zilitoka Novemba, baada ya rais kuchaguliwa tena. Chama cha Wafanyakazi, cha Lula na Rousseff, kilichowahi kusifiwa kwa uwazi nacho kilijua faida ya kuchelewa.

Jair Bolsonaro aliingia madarakani Januari 2019 akiwa ameahidi kupunguza faini za IBAMA. Katikati ya mwaka DETER ilionyesha kuwa ufyekaji wa Juni umezidi ule wa Juni 2018 kwa asilimia 88. Tarehe 19 Julai, akistaftahi na waandishi wa habari wa kigeni, rais alisema takwimu hizo ni za uongo, na kwamba mkurugenzi wa INPE huenda analitumikia shirika fulani lisilo la kiserikali. Mkurugenzi huyo alikuwa Ricardo Galvão, mwanafizikia aliyesomea shahada ya uzamivu MIT. Kwa desturi mtumishi wa umma angenyamaza. Galvão alijibu siku iliyofuata kupitia gazeti la O Estado de S. Paulo, akauita mwenendo wa rais kuwa wa woga, na akasema hajiuzulu. Tarehe 2 Agosti aliondolewa, na nafasi yake ikashikwa kwa muda na afisa wa jeshi la anga, Darcton Policarpo Damião. Waziri wa sayansi, Marcos Pontes, ambaye mwaka 2006 alikuwa Mbrazil wa kwanza kwenda anga za juu, alisimama upande wa rais.

Hesabu haikubadilika. Wafanyakazi walewale waliendelea kuchora mipaka ileile, na Imazon, shirika la utafiti la Belém lenye mfumo wake tangu 2008, liliona ongezeko hilohilo. PRODES ya mwaka huo ilifikia kilomita za mraba 10,129, mara ya kwanza kuvuka elfu kumi tangu 2008. Kubadilisha namba kungehitaji kubadilisha picha ambazo kila chuo kikuu duniani kinaweza kuzipakua, na hilo halikuwa katika uwezo wa Planalto, ikulu ya Brazil.

Kwa hiyo shinikizo lilihamia kwingine. Julai 2020, siku chache baada ya takwimu mbaya za Juni, Lubia Vinhas aliondolewa katika uratibu wa idara ya kuangalia dunia kutoka angani. Serikali ilisema ni upangaji upya wa taasisi. Mwaka 2021 ripoti ya PRODES ilikuwa na tarehe 27 Oktoba, siku chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Glasgow. Ilitangazwa Novemba 18, wajumbe wakiwa wamekwisha rudi makwao, nayo ilisema kilomita za mraba 13,235, kiwango kikubwa kuliko vyote kwa miaka 15. Mapema 2022 INPE ilitangaza kuwa fedha za kupima ufyekaji wa Cerrado, savana kubwa iliyo kusini mwa Amazon, zinakaribia kwisha. Kufukuza mkurugenzi hupigiwa kelele dunia nzima. Fungu la bajeti likikatwa, wachache hugundua.

Katika miaka hiyohiyo INPE ilitoa moja ya tafiti zake nzito kuliko zote. Luciana Gatti na wenzake walikuwa wakituma ndege ndogo katika vituo vinne juu ya Amazon, zikishuka kwa mzunguko huku zikijaza chupa za hewa katika miinuko mbalimbali. Karibu safari 600 zilifanyika kati ya 2010 na 2018. Matokeo, yaliyochapishwa katika Nature Julai 2021, yalionyesha kwamba kusini mashariki mwa Amazon, palipofyekwa zaidi, msitu sasa unatoa kaboni nyingi kuliko inayofyonzwa. Utafiti wa miaka tisa mfululizo kama huo ndio unaouawa kwa urahisi na bajeti ya mwaka mmoja mmoja, kwa kuwa mwaka usiopimwa haurudi.

Lula aliporudi madarakani Januari 2023, Marina Silva alirudi wizara ya mazingira, na Galvão akapewa uongozi wa CNPq, baraza la taifa linalogharamia utafiti wa kisayansi. Ufyekaji ulishuka hadi kilomita za mraba 6,288 mwaka 2024. Takwimu za 2025, kilomita za mraba 5,796, zilitangazwa mwishoni mwa Oktoba, siku chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Belém. Habari njema hazikuhitaji kusubiri wajumbe waondoke.

PRODES sasa inapima mifumo yote mikuu ya uoto ya Brazil. Sehemu ya gharama za upimaji huo imetoka Mfuko wa Amazon, ulioanzishwa 2008 kwa michango ya Norway na Ujerumani, ambayo malipo yake hutegemea upungufu wa ufyekaji unaopimwa na PRODES yenyewe. Mfuko huo ulisimamishwa mwaka 2019 serikali ilipovunja kamati zake za usimamizi, ukafunguliwa tena Januari 2023.